Marehemu Anaishi Kiwalani

Nilimuua mama muuza maandazi asubuhi ya Jumanne, mbele ya darasa zima, kwa kumuuliza dini yake.

Alikuwa mzima kabla ya hapo, na alikuwa mzima baadaye. Alikufa kwa muda tu, kwa mujibu wa kadi aliyovishwa shingoni. Lakini kifo chake kiliniuma mimi kuliko kilivyomuuma yeye. Nilikuwa mwaka wa nne wa udaktari, na tayari nilikuwa na sapu moja, yaani mtihani wa marudio, katika somo la dawa. Sheria ya chuo chetu ilikuwa fupi: ukipata sapu halafu ukafeli kitu kingine mwaka huohuo, unarudia mwaka. Wenzako wanasonga, wewe unabaki kukaa na wadogo zako na kujifanya unawasaidia. Na huko Bunju mama yangu alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mwakani mwanawe anaingia mwaka wa mwisho. Alitangaza rasmi, baada ya ratiba ya kwaya na kabla ya ndoa za mwezi huo. Mama wa namna hiyo humwendei kumwambia umerudishwa na muuza maandazi.

Kozi iliitwa Misingi ya Tiba ya Kijeshi. Ilikuwa ya wiki mbili, na lazima kwa wote. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono nikauliza lazima kwa sababu gani. Sisi ni raia. Nchi ina amani, tumeimbishwa hivyo tangu chekechea.

Mwalimu alikuwa meja wa jeshi, daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi mwenye lafudhi ya bara ambaye hakupandisha sauti hata siku moja.

"Mabasi mawili yakigongana mbele yako," akasema, "watu arobaini wako chini, wewe ndiye daktari pekee. Utawauliza kama ni wanajeshi?"

"Hapana, daktari. Lakini basi ingeitwa tiba ya mabasi."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alifungua daftari dogo jeusi, akaandika kitu, akalifunga.

"Hapa naitwa afande," akasema.

Nilikuwa na swali la pili, kama udaktari huwa anauvua getini, ila mwenzangu wa kundi alinipiga kiwiko cha mbavu. Huyu alikuwa binti wa Kihindi, Mshia, familia yao ina duka la mabati na misumari, na kwa maneno alikuwa na ncha kuliko hiyo misumari.

"Braza," akaninong'oneza, "mtu mwenye sapu anatakiwa kufunga mdomo kama duka letu siku ya Ashura. Mpaka chini. Na kufuli."

Sikufunga. Sijui kama nina hilo kufuli. Afande alisema kwamba kwenye uwanja wa vita damu inayomwagika inashughulikiwa kwanza, kabla hata ya njia ya hewa. Nikamwambia kwamba wodini tumefundishwa hewa kwanza, sasa nani muongo. Akamlaza mwanafunzi mmoja mezani, akamfunga kipande cha khanga juu ya paja, akapenyeza mwiko wa ugali kwenye fundo na kuuzungusha mpaka yule mwenzetu akapiga ukelele.

"Mshipa wa hapa ukikatika, ana dakika chache," akasema Afande akiwa bado ameshika mwiko. "Wewe endelea kutazama kama anapumua vizuri. Atapumua vizuri kabisa, mpaka aishiwe damu."

Niliyaandika hayo daftarini, na hilo liliniudhi.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya rangi. Majeruhi wakiwa wengi kuliko waganga, unapita haraka, kila mmoja sekunde thelathini, unamvika kadi ya rangi na kuandika saa juu yake. Nyekundu ni wa kukimbizwa sasa hivi. Njano anaweza kusubiri. Kijani anatembea mwenyewe. Nyeusi ni aliyekwisha kufa, au yule ambaye atatumalizia machela, damu na mikono yote, kisha afe vilevile.

"Nani ametupa mamlaka ya kumvika nyeusi mtu anayepumua?" nikauliza.

"Machela," akajibu Afande. "Una machela mbili na majeruhi kumi na wawili. Machela ndizo zinazoamua. Wewe unausoma tu uamuzi wake."

"Na nikikosea?"

"Utakosea. Swali lingine."

Kwenye daftari langu nikaandika: Nyeusi haina kurudi. Nikapiga mistari miwili chini yake. Afande hakusema hivyo. Ni mimi niliyetaka awe amesema hivyo, ili nipate cha kumchukia.

Mtihani wa vitendo ulifanyika Kiwalani, jirani na uwanja wa ndege, kwenye uwanja wa mpira usio na jani hata moja. Ndege zinapita juu yake chini kabisa, kiasi cha kusoma maandishi ya tumboni. Afande aliupenda uwanja huo kwa sababu hiyo. Kila ndege ilipopita ilikuwa ni shambulio, na sisi tulitakiwa kulala chini. Tulikuwa tumevaa makoti meupe. Hatukuambiwa tuyavae, tuliyavaa wenyewe kwa sababu tulijua wakazi watatutazama. Ndege ya kwanza ilipopita, darasa la madaktari watarajiwa lilichuchumaa kwa heshima, kila mmoja akishika pindo la koti lake lisiguse vumbi.

"Mmekufa wote," akasema Afande. "Simameni, tuendelee."

Majeruhi walikuwa wakazi wa mtaani, watu kumi na wawili waliotafutwa na mjumbe wa nyumba kumi. Kila mmoja alikuwa na kadi inayoeleza kilichompata, na damu ilikuwa rangi ya ubuyu iliyokorogwa kwenye uji mzito. Wote walikuwa wamejipanga kuigiza. Kabla hata kipyenga hakijalia, mzee mmoja alikuwa ameshaanza kugaragara na jirani yake anamwambia apunguze, atamaliza damu.

Mambo yalianza kuharibika kwenye amri ya kwanza. Tulifundishwa kwamba ukifika eneo la tukio unapaza sauti: anayeweza kutembea aende mahali fulani. Hapohapo unawaondoa wenye majeraha madogo, unabaki na wagonjwa wa kweli. Nikapaza sauti: "Anayeweza kutembea aende golini!"

Golini ndiko kulikokuwa na kivuli cha turubai na kreti za soda. Wakasimama wote. Aliyekatika mguu alisimama. Mwenye risasi ya tumbo alimshika mkono asiyeona. Walikwenda golini kwa utulivu, kama watu wanaotoka ibadani.

"Hongera," akasema Afande. "Hujapoteza hata mmoja. Warudishe."

Ilichukua muda kuwarudisha, kwa sababu baadhi walikuwa wameshafungua soda. Tulipoanza upya nilikuwa na hasira na haraka, na mtu wa kwanza mbele yangu alikuwa mama muuza maandazi, mwanamke wa umri wa mama yangu, amekaa chini na paja limelowa ubuyu mpaka kwenye khanga. Kadi yake ilisema mshipa wa paja umekatika. Mkononi nilikuwa na khanga na mwiko. Kichwani nilikuwa na kila kitu Afande alichofundisha.

"Shikamoo mama," nikasema, nikichuchumaa.

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari mwaka wa nne. Naomba nizungumze nawe kidogo kuhusu tatizo lako."

"Karibu baba."

"Unaitwa nani, mama?"

Akanitajia. Nikamuuliza umri. Nikamuuliza anaishi wapi, akasema hapahapa Kiwalani, nyuma ya mashine ya kusaga. Kazi, maandazi na chapati. Watoto wanne, wa mwisho anamsumbua. Nilikuwa nimefika kwenye dini na tayari nilikuwa natikisa kichwa kwa huruma, kama madaktari bingwa wanavyotikisa, nikaona kivuli cha mtu kimesimama juu yetu.

Afande alikuwa ameshika saa mkononi. Akamwomba yule mama alale, akamvika kadi nyeusi, akavuta upande wa khanga akamfunika uso. Kisha akaligeukia darasa.

"Marehemu anaishi Kiwalani," akasema kwa sauti yake ileile ndogo. "Ana watoto wanne, ni mchapakazi, na daktari wake alikuwa karibu kuijua dini yake. Tutajua tumzike wapi."

Hata majeruhi walicheka. Yule mwenye risasi ya tumbo alicheka mpaka akakohoa. Chini ya khanga, marehemu akauliza: "Kwani mie nimeshakufa? Mbona tulikuwa tunaongea vizuri?"

Nimeufikiria upumbavu ule mara nyingi. Miaka miwili wodini tulichapwa kwa maneno ili tuichukue historia ya mgonjwa kwa mpangilio: salamu, utambulisho, jina, umri, makazi, kazi, dini, ndoa, watoto, ndipo kinachomuuma. Ukiruka dini, bingwa anakurudisha kitandani mbele ya wenzako ukaiulize. Mimi niliyekuwa nahoji uhalali wa kadi nyeusi, mamlaka ya jeshi na rangi ya kofia ya Afande, sikuwahi hata siku moja kuhoji kwa nini mtu anayetoka damu aulizwe anakaa mtaa gani. Mdomo wangu ulikwenda wenyewe.

Nilifeli, pamoja na wengine watatu. Mwenzangu wa misumari alifaulu kwa alama za juu. Alimrukia majeruhi wake bila salamu na kumfunga paja huku yule mtu akimwambia taratibu dada, kadi yangu inasema mkono. Afande alitutazama sisi wanne, akasema tutarudia Ijumaa, mara moja tu.

"Ijumaa ukifeli inakuwaje?" mwenzangu akaniuliza tukiwa tunakung'uta makoti.

"Narudia mwaka."

"Na mama?"

"Nahama nchi."

Siku mbili zilizofuata alikuja Sinza kila mchana kunifundisha. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya baa, na kabla ya wateja kuja viti vilikuwa havina kazi. Alivitawanya viti kumi na viwili uani, akabandika kwenye kila kimoja karatasi yenye jeraha, akashika simu yake kuhesabu sekunde. Mimi nazunguka na vibanio vya nguo vya rangi nne. Kila nilipofungua mdomo kusema shikamoo alinipiga mgongoni na daftari.

"Hicho ni kiti!"

"Najua ni kiti."

"Basi kwa nini umekisalimia?"

Dada wa kaunta alitoka na ndoo ya maji, akasimama kututazama. Baadaye akauliza: "Hicho cha pembeni kimefanya nini mpaka kibanio cheusi?"

"Kimepigwa kichwani," nikamwambia. "Hakiponi."

"Mbona hakijavunjika? Mie nakikaliaga kila siku." Akakichukua, akaenda kukikalia mlangoni, na kibanio kikiwa bado juu yake. Mwenzangu akasema hivyo ndivyo ndugu wa marehemu watakavyofanya, nizoee.

Ijumaa niliacha koti chumbani. Majeruhi walikuwa karibu walewale, ila safari hii turubai na kreti zilikuwa nje ya uwanja, na wabeba machela walikuwa wanafunzi waliofaulu. Mwenzangu alikuwa mmoja wao. Kila mmoja wetu angepewa uwanja mzima peke yake, na mimi nilikuwa wa mwisho. Watatu walionitangulia walifaulu. Nilisimama kwenye mstari wa pembeni nikipanga kadi zangu.

Kipyenga. Nikapaza sauti, watatu wakatembea. Watatu tu, Mungu mkubwa. Nikaanza kupita.

Mama muuza maandazi alikuwa wa pili. Safari hii kadi yake ilisema mguu umevunjika, hatoki damu. Njano. Nikamvika kadi, nikanyanyuka.

"We mtoto!" akapiga kelele. "Juzi ulinisalimia vizuri, leo unanipita kama gogo?"

Nikapita.

"Mwone! Hana adabu! Na mguu wangu je?"

Anayepiga kelele anapumua, nikajiambia, na kwa huyu ushahidi ulikuwa mwingi. Wa tatu njano, wa nne alikuwa na paja linalomwaga ubuyu. Nikapiga magoti, khanga, fundo, mwiko, nikazungusha, nyekundu. Ndege ikapita. Nikalala chini kweli, kifua kwenye vumbi, nikasimama, nikaendelea. Wa tano ana tundu kifuani, nyekundu. Nikaziita machela zote mbili, zikachukua hao wawili.

Wa sita alikuwa mzee aliyestaafu ulinzi wa ghala, mtu mkubwa wa mwili, amelala chali amefumba macho. Kadi ilisema kichwa kimepasuka, haitikii sauti, haitikii maumivu, anapumua polepole sana. Nikakiinamisha kichwa chake nyuma kidogo kufungua njia ya hewa. Anapumua. Nilitazama upande wa machela. Zote zilikuwa zinavuka uwanja na watu juu yake.

Sekunde thelathini ni nyingi kuliko unavyodhani. Nilizimaliza zote nikiwa nimeshika kadi nyeusi.

"Unataka kumfanya nini mzee wa watu?" mama muuza maandazi akauliza kutoka kule alikokuwa. Alikuwa ameinuka kwenye kiwiko, mguu uliovunjika ameukunja chini yake. "Anapumua huyo! Mie namwona tumbo linapanda!"

Nikamvika nyeusi.

"Wamemuua! Jamani, wamemuua baba wa watu!"

Niliona aibu kumhurumia mtu mwenye ubuyu kichwani ambaye angekwenda kwake kula wali. Nikamaliza wa saba, wa nane, wa tisa. Njano wote. Nikanyoosha mgongo, nikasubiri kipyenga.

Hakikulia.

Afande alikuwa amesimama na daftari lake jeusi, anatazama ndege inayokuja kwa mbali. Wale watatu walionitangulia walikuwa kwenye turubai wanakunywa soda. Walipomaliza mzunguko walikwenda kumwambia kwamba wamemaliza, naye akapuliza. Ningeweza kufanya hivyohivyo. Nilikuwa na alama za kutosha, nilijua. Mwenzangu na mbeba machela wa pili walikuwa wanarudi, na machela katikati yao ilikuwa inaning'inia tupu.

"Afande," nikasema, "machela imerudi."

"Naiona."

"Zoezi limeisha?"

"Umesikia kipyenga?"

Ule ulikuwa mtego, ila sikujua unanasa upande gani. Kwa sheria niliyoiandika mwenyewe na kuipigia mistari, nikimgusa tena mwenye nyeusi nimevunja utaratibu, na kwa alama chache tu naweza kurudia mwaka wa nne. Lakini sheria yenyewe haikunishawishi hata siku niliyoiandika. Machela ndizo zinazoamua, alisema. Sasa hapa kuna machela, na haina mtu. Nikamrudia mzee.

Alikuwa anakoroma. Nyuma ya koo, mkoromo mzito wenye mikwaruzo, unakatika, unaanza tena.

"Anakoroma, afande!"

Afande akasogea. "Anakoroma kweli au anaigiza?"

Nikamtazama mzee. Mate yalikuwa yanamtoka pembeni ya mdomo. Mtu aliyevikwa nyeusi hasumbuliwi na yeyote, na jua la saa nne lilikuwa bado la kuvumilika. "Nadhani kalala kweli."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haijalishi. Anayekoroma akiwa hana fahamu njia yake ya hewa imeziba kidogo." Nilikuwa tayari nimeshika bega na goti lake. Nikamgeuza kwa ubavu, nikauweka mkono wake chini ya shavu. Mkoromo ukakatika, pumzi zikawa laini. Nikaichukua kadi nyeusi, nikamvika nyekundu, nikamwita mwenzangu.

Mbeba mmoja wa ile machela nyingine akaja kusaidia, tukamnyanyua watu wanne, na bado machela ilipinda katikati. Tulifika katikati ya uwanja alipofumbua macho.

"Nyie vijana, mnanipeleka wapi?"

"Hospitali, mzee," akasema mwenzangu.

"Mie si nimekufa? Yule dada wa maandazi kasema nimekufa."

"Sikusema umekufa!" mama akapiga kelele kutoka nyuma. "Nilisema wamekuua! Ni vitu viwili!"

Afande alikuwa anatembea pembeni yetu, anaandika. "Nyeusi ulimpa saa ngapi?"

"Sikuandika, afande."

"Nyekundu je?"

"Nayo sikuandika."

Akakata kitu kwa kalamu, mara mbili. Niliuona mkono wake ukikata, nikawaona mama na kwaya yake yote. "Ulirudi kwa nini?"

Nilikuwa na jibu zuri juu ya utu wa mgonjwa. Lilikuwa limefika kwenye ulimi. "Machela ilikuwa tupu," nikasema.

Akalifunga daftari. "Wengine wote hawakurudi," akasema. "Nimewapitisha kwa sababu walipita. Wewe umekosa kuandika saa kwa majeruhi wote kumi na wawili, hata yule wa mwiko. Umepita kwa alama moja."

"Moja?"

"Una swali?"

Mwenzangu, aliyeshika mpini wa mbele, aligeuza shingo akanitazama kwa macho makali ya Ashura. Nikasema sina swali. Afande akapuliza kipyenga, akaelekea kwenye turubai.

Tukaishusha machela. Mzee hakushuka. Alijilaza vizuri zaidi, akaegemeza kichwa kwenye mkono.

"Kwangu si mbali," akasema. "Mnapita pale saluni, mnakata kushoto. Mke wangu anaambiwaga na watu kwamba mie silimi sivuni. Leo acha aone naletwa na madaktari wanne."

"Mzee, zoezi limekwisha."

"Kwako limekwisha. Nyanyueni, jua linapanda."

Tukatazamana. Mwenzangu akainama, akashika mpini.